Kidonda cha kioo cha jicho kwa punda: kukitambua siku ya kwanza na kukitibu

Punda aliyefumba jicho moja saa sita mchana, na machozi yamemchorea mstari mweusi shavuni, mshushe mzigo hapo hapo. Huenda kioo cha jicho lake kimechubuka. Mitaani Lamu hakosi mtu wa kukwambia "ni vumbi hilo, litatoka lenyewe", na siku nyingine huwa ni vumbi kweli. Lakini mkwaruzo wa asubuhi ukiingiwa na vijidudu huweza kuwa shimo kufikia kesho yake, na kuanzia hapo unalipigania jicho zima. Mwongozo huu ni wa mwenye punda na kijana anayemwendesha. Ukisahau mengine yote, shika hili: jicho lililofumbwa hupimwa kwa rangi, ile ya daktari inayoonyesha palipochubuka, siku hiyo hiyo, na tyubu ya dawa haifunguliwi kabla ya rangi.

Kioo chenyewe

Kioo cha jicho ni lile tabaka angavu la mbele; jina la kitaalamu ni konea. Unene wake kwa punda haufiki milimita moja. Juu kabisa pana ngozi nyembamba mno, kazi yake kuzuia maji na vijidudu visipenye. Chini ya ngozi hiyo lipo tabaka ambalo ndilo karibu konea yote: nyuzi za kolajeni zilizolazwa sambamba, safu juu ya safu, kama miyaa ya mkeka uliosukwa na mkono hodari. Mpangilio huo ndio unaofanya mwanga upite. Nyuma yake kuna utando mwembamba wenye kunyumbuka, kisha maji ya ndani ya jicho.

Mambo mawili hapo yanaeleza karibu kila kitu kinachofuata. Kwanza, konea haina mshipa wa damu. Hulishwa na machozi kwa nje na maji ya ndani kwa nyuma, kwa hiyo kinga ya mwili huchelewa kufika na kijidudu hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Pili, imejaa mishipa ya fahamu. Mchubuko usioonekana kwa macho unamuuma punda kuliko jeraha la mgongoni lenye upana wa kiganja.

Kidonda ni pale ngozi ya juu inapotoka na lile tabaka la kolajeni likabaki wazi.

Kinachokijeruhi

Lamu mzigo ndio mwanzo wa mengi. Boriti na fito zikifungwa kwenye shogi, lile tandiko la mizigo la punda, bila kusawazishwa, ncha hubaki nyuma zikicheza usawa wa uso wa punda anayefuata, na kwenye kona ya kichochoro ndipo zinapompata. Punda wawili wenye mizigo wakikutana njia nyembamba, wa upande wa ukuta husugua shavu kwenye mawe ya matumbawe. Ncha ya fimbo au mjeledi uliokusudiwa shingoni huishia jichoni, na kidonda cha mjeledi mara nyingi huwa kirefu na cha pembeni, mchoro tu, nacho ni kibaya kwa sababu ngozi huwa imepasuka badala ya kukwaruzika.

Chokaa na saruji ni shauri jingine. Unga wa chokaa ukikutana na machozi huunguza, na kwa kuwa si asidi bali ni kinyume chake, huyeyusha nyama ya jicho na kuendelea kuzama hata baada ya maumivu ya mwanzo kupungua. Hapa usitafute maji ya hospitali. Ondoa madonge yanayoonekana kwa shashi iliyolowa, kisha mwagia maji safi yoyote uliyo nayo karibu, nusu saa nzima kwa saa, na ufunue vigubiko, yaani ngozi zinazofunika jicho juu na chini, ili chokaa iliyojificha chini yake itoke. Kuwaza maji gani yanafaa kunakula dakika ambazo jicho halina.

Mchanga wa matumbawe unaopeperushwa na kusi huchubua kidogo kidogo. Miiba na mashuke ya nyasi huingia chini ya kigubiko cha juu au nyuma ya kile kigubiko cha tatu kilichoko kona ya ndani, yakakaa humo yakikwaruza kila punda anapopepesa. Ukiona kidonda kinarudi pale pale baada ya dawa, fikiria uchafu wa namna hiyo kwanza. Nzi hawachimbi kidonda, ila huhamisha vijidudu kutoka kwenye mavi na majeraha ya wengine, na punda anayewashwa hujisugua gotini au ukutani mpaka akajichubua. Hatamu iliyokaza sana, au punda aliyelala muda mrefu na pete ya hatamu imembana shavu, huumiza mshipa wa fahamu unaofumba jicho: asipopepesa, kioo hukauka na kupasuka.

Likishachubuka, wageni huja. Bakteria wapo tayari kwenye ngozi na machozi. Wabaya zaidi ni Pseudomonas na baadhi ya Streptococcus, kwa sababu vimeng'enya vyao huyeyusha kolajeni. Kuvu nao wanapenda pwani yetu, joto na unyevu vyote vipo. Jicho lililochomwa na jani, mwiba au uti wa kuti lichukuliwe kuwa limebeba kuvu mpaka daktari aseme vinginevyo.

Kumtazama

Punda huficha maumivu. Farasi mwenye jicho bovu atatupa kichwa. Punda atasimama tu, ameinamisha masikio, ukadhani amechoka. Kwa hiyo usitegemee vurugu zake.

Simama mbele yake hatua mbili, usimshike uso, utazame kope, yaani nywele za ukingo wa vigubiko, za macho mawili kwa pamoja. Kope za juu za jicho zima hutokeza mbele karibu sawa na ardhi. Za jicho linalouma huelekea chini. Tofauti hiyo huonekana hata kabla jicho halijafumba, nayo ndiyo dalili ya mapema kuliko zote. Kijana anayempakia kila alfajiri akiizoea, vidonda vingi vitakamatwa siku ya kwanza. Baada yake hufuata machozi, kupepesa ovyo, kukimbia jua, kigubiko kuvimba, weupe wa jicho kuwa mwekundu.

Kisha mpeleke kivulini, kwenye kichochoro au ndani ya daka, umulike kwa tochi kutoka ubavuni. Rangi ya kioo inasema mengi. Ukungu wa kibuluu maana yake maji yamepenya kwenye kolajeni. Doa jeupe la maziwa au la manjano ni chembe za kinga na usaha. Hapo maambukizi yameshaingia. Kingo za kidonda zikilegea na kuteleza kama uji wa wanga au ute wa yai, kioo kinayeyuka, na hiyo ni dharura ya saa si ya siku. Ukiona kidoa cheusi na safi katikati ya weupe, usifurahi kwamba panapona: huenda umebaki ule utando wa nyuma peke yake. Kitu cheusi kikichungulia nje, jicho limeshatoboka.

Mishipa myekundu inayotambaa kutoka ukingoni kuelekea kidonda huwatia watu hofu, na kumbe ni mafundi wanaokuja. Huanza baada ya siku tatu au nne na kusogea kama milimita moja kwa siku. Ukijua umbali kutoka ukingo hadi kidonda unaweza kukadiria lini watafika.

Vitu vitatu visikuchanganye. Vile vivimbe vyeusi vinavyoning'inia kwenye ukingo wa juu wa mboni ni vya kuzaliwa. Kila punda anavyo. Mtoto wa jicho ni weupe ulio nyuma ya mboni, kioo cha mbele kikiwa safi. Na chamba, lile kovu jeupe la kidonda cha zamani, halitoi machozi wala halifumbi jicho. Chamba kisichouma hakina haraka.

Saa za mwanzo

Mtoe kazini. Mweke kivulini pamoja na mwenzake aliyezoeana naye, maana punda aliyetengwa na rafiki yake huacha kula, na hilo lina hatari yake tutakayoifikia. Nawa mikono kwa sabuni.

Suuza jicho. Maji bora ni ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kutoka duka la dawa. Ukikosa, chemsha lita moja ya maji safi kwa dakika kumi, tia gramu 9 za chumvi, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, funika, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu kama mkono wako. Yatumike siku hiyo hiyo. Maji ya kisima hayafai yakiwa hivi hivi. Mengi yana chumvi yake tayari, na vijidudu hujui vingapi. Vuta maji kwenye bomba la sindano la mililita 20, ondoa sindano, simama ubavuni mwa shingo, na uyamwage taratibu kutoka kona ya ndani kwenda ya nje. Mabomba matatu au manne yanatosha kuosha matongo na mchanga.

Uchafu ukielea, utatoka na maji. Ukiwa umechomeka kwenye kioo, kama mwiba, uache. Ukiung'oa, maji ya ndani yanaweza kufuata. Usifunge jicho kwa kitambaa kinachogusa kioo, wala usilibonyeze kuona kama limevimba. Jicho lenye kidonda kilichozama huweza kupasuka kwa kidole.

Baada ya hapo, daktari wa mifugo. Mjini Lamu ipo zahanati ya punda upande wa bahari, iliyofunguliwa mwaka 1987. Aliyeko Pate, Siyu au Faza apige simu kwa afisa wa mifugo kabla hajapanda chombo, aeleze rangi ya kioo kama tulivyoitaja juu. Maneno "kinateleza kama ute" yatabadilisha uamuzi wa nani amfuate nani.

Rangi kwanza

Karatasi ya fluresini ni kijikaratasi chembamba chenye ncha ya chungwa. Daktari huidondoshea tone la maji ya chumvi, akaigusisha ndani ya kigubiko cha chini, punda akapepesa mara mbili tatu, rangi ikaenea. Kisha husuuza mpaka machozi yatoke bila rangi. Hatua hii ikifanywa kwa haraka, rangi iliyonasa kwenye ute hung'aa na kuonekana kidonda kumbe hakuna. Halafu tochi ya mwanga wa buluu. Ngozi ya juu ina mafuta, hairuhusu rangi. Kolajeni ina maji, huinywa. Palipochubuka panawaka kijani, kama ule mng'ao wa baharini usiku kasia linapopiga maji. Mchoro wake unasema chanzo: mistari ya wima inamaanisha kuna kitu chini ya kigubiko cha juu, doa la katikati aghalabu ni pigo.

Ule utando wa nyuma nao haunywi rangi. Kwa hiyo pete ya kijani yenye kitovu cheusi ni habari mbaya kuliko doa lote la kijani.

Kuna faida ya pembeni: baada ya dakika kama tano mpaka kumi rangi hushuka puani, na ukiiona ujue mfereji wa machozi haujaziba. Kwa punda tafuta karibu na ukingo wa tundu la pua, si chini sakafuni kama kwa farasi.

Kwa nini tunashikilia rangi namna hii? Kwa sababu upo ugonjwa mwingine wa punda, uvimbe wa ndani ya jicho, ambao nao hufumba jicho, hutoa machozi na kuleta ukungu wa kibuluu. Ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa za steroidi. Na steroidi ndiyo dawa inayoangamiza jicho lenye kidonda: inazuia ngozi kufunga, inavipa nguvu vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni, na kuvu hustawi chini yake. Dalili zile zile, dawa zinazopingana. Kinachozitenganisha ni kijikaratasi tu.

Hivyo soma lebo ya chochote ulichopewa dukani. Jina likiishia na -sone au -solone, mfano dexamethasone, betamethasone, hydrocortisone au prednisolone, rudisha. Dawa nyingi za macho za watu huchanganya antibiotiki na moja ya hizo kwenye chupa moja, na muuzaji hukupa kwa nia njema kwa kuwa zinaondoa wekundu upesi. Wekundu utaondoka, ni kweli, na kidonda kitazidi kuzama huku jicho likionekana limetulia. Tyubu za kiwele cha ng'ombe nazo zisiingie jichoni. Baadhi zina prednisoloni.

Dawa na jinsi ya kuitia

Kwa mchubuko wa juu usio na usaha daktari huandika antibiotiki peke yake au pamoja na atropini. Marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1, ile ya macho ya watu, hutumika sana na inapatikana. Au kloramfenikoli ya asilimia 1, au matone ya gentamaisini ya asilimia 0.3. Mara tatu mpaka nne kwa siku. Gentamaisini ya kuchomwa si hiyo. Ni kali mara nyingi zaidi na huunguza kioo. Ukitumia kloramfenikoli, vaa glavu.

Kidonda chenye usaha au kinachoyeyuka kinataka matone makali zaidi, mfano ofloksasini au siprofloksasini ya asilimia 0.3, kila saa moja au mbili siku ya kwanza, usiku pia. Watu huona ni kutiana adabu. Sababu ni kwamba tone haliishi jichoni. Machozi huliosha katika dakika chache, na kioo hakina damu ya kuleta dawa kwa njia nyingine. Dawa ya kila saa nane kwenye kidonda cha namna hii ni kama kumwagia chombo kinachovuja kata moja asubuhi na moja jioni.

Atropini ya asilimia 1 hulegeza msuli wa ndani unaokakamaa kwa maumivu, na hupanua mboni ili isigande kwenye lenzi. Hutiwa mara mbili au tatu kwa siku mpaka mboni ipanuke, kisha hupunguzwa. Kwa kuwa mboni haiwezi tena kujikunja, jua litamuumiza, lazima abaki kivulini. Atropini pia hupunguza mwendo wa matumbo. Hesabu mavi yake kila siku. Yakipungua au yakiwa makavu, au akiwa anageuza kichwa kutazama ubavu, simamisha atropini na umpigie daktari kabla tumbo halijafunga. Na unawe mikono: ukijifuta jicho kwa kidole chenye atropini utaona ukungu siku nzima na zaidi.

Maumivu hutulizwa kwa sindano ya fluniksini ya mshipani, miligramu 1.1 kwa kila kilo. Punda wa kilo 130 anapata miligramu 143, yaani karibu mililita 2.9 ya dawa yenye miligramu 50 kwa mililita. Ni kazi ya daktari, kwa kuwa ikiingia msuleni huweza kuozesha nyama. Mwili wa punda huimaliza dawa hii haraka kuliko wa farasi, ndiyo maana anaweza kuirudia baada ya saa 12. Awe na maji ya kunywa muda wote, maana kwa mnyama aliyekauka dawa hii huumiza figo. Yale matone ya ganzi anayotia daktari wakati wa kupima yasiombwe kwa matumizi ya nyumbani. Hutuliza kweli, na huua ngozi mpya inayoota.

Sasa mkono wenyewe. Mtu mmoja ashike hatamu akiwa upande ule ule wako, si upande wa pili, ili punda akiyumba nyote mmekaa salama. Pasha tyubu mfukoni. Weka kiganja juu ya mfupa wa paji, si juu ya jicho, ili kichwa kikiinuka mkono uinuke nacho. Kidole gumba kivute kigubiko cha chini mpaka kiwe kama mfuko mdogo mwekundu. Ulaze humo uzi wa marhamu wenye urefu wa punje ya mchele wa pishori, kiasi cha nusu sentimita hadi moja, ncha ya tyubu isiguse kitu. Achia kigubiko; akipepesa dawa itajitandaza. Kwa matone, moja linatosha, la pili ni la bahati mbaya likikosea. Punda mgumu hutiwa kwa bomba la mililita 1 lisilo na sindano: vuta mililita 0.2 uirushie taratibu kwenye kioo kutoka pembeni, umbali wa vidole vitatu.

Dawa zikiwa mbili, matone yatangulie, subiri dakika 5 mpaka 10, ndipo marhamu. Ukigeuza mpangilio, mafuta yatayazuia matone.

Siku ya tatu punda huwa ameshakujua na hakubali tena. Usipigane naye, kila akikunja uso kwa nguvu anakibana kidonda. Mwambie daktari, naye anaweza kupitisha mrija mwembamba kwenye kigubiko cha juu, ukafungwa mpaka shingoni, dawa ikatiwa huko bila kumgusa uso.

Maji ya damu yake mwenyewe

Kwa kioo kinachoyeyuka kuna dawa isiyouzwa dukani. Daktari huchota mililita 10 hadi 20 za damu ya punda huyo kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, akaiacha ikae mpaka igande na kujitenga, kisha akafyonza yale maji ya manjano ya juu. Ndiyo seramu. Ndani yake mna protini zinazovikamata vimeng'enya vinavyokula kolajeni. Hutiwa tone moja kila saa moja au mbili pamoja na antibiotiki, si badala yake. Iwekwe kwenye friji, si kwenye barafu ya samaki wala mlangoni pa jokofu panapofunguliwa kila mara. Ni chakula kizuri cha bakteria, hivyo baada ya siku tano imwagwe ichotwe nyingine. Ikiwa na ukungu au harufu, imwagwe hata kama ni ya jana.

Kidonda cha kuvu kina dawa zake, natamaisini ya asilimia 5 ikiwa mojawapo, na subira yake: wiki nne mpaka sita si ajabu. Daktari hukwangua kingo za kidonda na kutazama kwa hadubini kabla ya kuianza.

Yanayotiwa na wenyewe

Chumvi kavu huvuta maji kutoka kwenye chembe za kioo na kuziua. Sukari iliyosagwa hukwaruza. Tumbaku na majivu huleta machozi mengi, na ni machozi hayo yanayofanya watu waseme imesafisha. Maziwa ni chakula cha vijidudu, na asali ya dukani huweza kuvibeba. Dawa ya kupuliza ya rangi, ile ya vidonda vya mgongoni, ina spiriti ndani. Kumpiga pisha, yaani kumchoma kwa chuma cha moto, juu ya jicho kunamwongezea kidonda cha pili, tena karibu na kigubiko, na kovu lake likivuta kigubiko kope huanza kukwaruza kioo maisha yake yote.

Akiacha kula

Hili huua punda ambao jicho lao lingepona. Punda mwenye maumivu akikaa siku moja au mbili bila kula, mwili wake huanza kuyayeyusha mafuta kwa wingi kupita kiasi, damu ikajaa mafuta, ini na figo vikashindwa. Wanene na majike wenye mimba ndio walio hatarini zaidi. Mpe majani mabichi, maganda ya ndizi, pumba iliyolowekwa, chochote anachokipenda, kidogo kidogo, chini usawa wa ardhi si kwenye gunia linalomwagia vumbi usoni. Asipogusa chakula siku nzima, mwambie daktari habari hiyo kabla ya habari ya jicho.

Kupona na kurudi kazini

Mchubuko wa juu hufunga ndani ya siku tano hadi saba. Rangi irudiwe siku ya tatu; kwa kidonda kilichooza irudiwe kila siku. Usisimamishe antibiotiki eti kwa sababu jicho limefunguka, kwa kuwa maumivu hupungua kabla ngozi haijakutana. Isimame baada ya rangi kutoonyesha kijani kabisa. Kidonda cha juu kilichopita siku saba bila kufunga kina kitu kilichosahaulika: shuke nyuma ya kigubiko cha tatu, kope linalokwaruza, kuvu, au mtu nyumbani anayetia kitu kingine usiku.

Kioo kikitoboka au jicho likijaa usaha, mara nyingi huruma ni kulitoa. Punda wa jicho moja hufanya kazi vizuri baada ya jeraha kufunga, ila asiongoze msafara, asibebeshwe boriti, na kijana wake atembee upande asiouona, akisema naye kabla ya kumgusa. Wiki mbili za mwanzo apite njia ya ufuoni, isiyo na kona.